Hati ya Baiti 64: Historia ya Kugawa Diski kwa Amri

Diski ya kompyuta haikatwi vipande. Anayeigawa hachori mstari juu ya bamba lake wala hajengi ukuta ndani yake, bali huandika nambari chache mahali panapojulikana, na tangu hapo kila programu inayoziheshimu nambari hizo huenenda kana kwamba ukuta upo. Sehemu ya diski inayopatikana kwa njia hiyo, ambayo mfumo endeshi huiona kama diski kamili inayojitegemea, huitwa patisheni. Na amri za kuiunda, kuifuta au kuikuza huandikwa katika mstari wa amri, yaani mahali ambapo mtumiaji huiagiza kompyuta kwa maneno ya kibodi badala ya kubofya picha. Kwa sababu hiyo historia ya patisheni ina undugu zaidi na historia ya hati za viwanja kuliko na historia ya kuta. Shamba linaweza kugawanywa mara mbili bila jembe hata moja kugusa udongo, kwa kuwa kilichobadilika ni daftari la msajili. Na kwa diski mambo ni hayo hayo, isipokuwa kwamba daftari lenyewe limehifadhiwa ndani ya shamba, kwenye kona ya kwanza kabisa, na yeyote mwenye mamlaka ya kulifikia anaweza kulifuta kwa mistari miwili ya maandishi.

Diski za mwanzo hazikuhitaji daftari la namna hiyo. IBM 350, mashine ya kwanza ya kibiashara kuhifadhi data kwenye diski zinazozunguka, ilitangazwa mwaka 1956 kama sehemu ya kompyuta ya RAMAC, ikiwa tunda la maabara ya San Jose, California, iliyoongozwa na Reynold Johnson. Ilikuwa na mabamba 50 yenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na mabamba yote hayo kwa pamoja yalibeba herufi milioni 5 tu. Katika mashine za System/360, ambazo IBM ilizitangaza mwaka 1964, nafasi iligawiwa kazi moja moja: mwandaaji wa programu alieleza kwenye kadi za kutobolewa, kwa lugha ya maagizo iitwayo JCL, kwamba faili lake linahitaji silinda 10, na kwamba zikijaa liongezewe 5, na mfumo ukamtengea. Silinda ni jina la njia zote za duara zilizo umbali uleule kutoka katikati, katika nyuso zote za mabamba yaliyopangwa juu kwa juu, ambazo vichwa vya kusomea huzifikia bila kusogea. Na neno hilo, lililotokana na umbo halisi la chuma, lilikuja kuwasumbua watu muda mrefu baada ya umbo lenyewe kukoma kuwa na maana. Kutoka JCL pia ndiko kulikotoka amri ya dd, inayonakili diski nzima baiti kwa baiti, ambayo hadi leo sarufi yake haifanani na ya amri nyingine yoyote ya Unix.

Katika maabara za Bell, jimboni New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikabiliwa na shida ya kinyume, kwa kuwa mfumo wao mmoja, Unix, haukutosha katika diski moja. Kompyuta ya PDP-11 waliyoipata mwaka 1970 ilikuwa na diski ya kilobaiti 512, na diski nyingine iliyoongezwa baadaye ilipachikwa kwenye saraka iliyoitwa usr, ambamo mafaili ya watumiaji yaliwekwa. Programu za mfumo zilipofurika katika diski ya kwanza zilihamia huko huko kwa watumiaji, na mwishowe watumiaji wenyewe ndio waliohamishwa, wakapewa saraka nyingine: mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Mgawanyo huo uliozaliwa na uhaba wa nafasi uliendelea kurithishwa kwa miaka 40, ukitafutiwa sababu za kitaalamu ambazo waanzilishi wake hawakuwa nazo, hadi mifumo ya Linux ilipoanza kuuondoa, Fedora ikifanya hivyo katika toleo lake la 17 la mwaka 2012.

Diski zilipokua, Unix nayo ilianza kuzigawa, lakini kwa namna ambayo msimamizi wa leo angeishangaa. Mipaka haikuandikwa kwenye diski. Iliandikwa katika msimbo wa kiendeshi, yaani programu ndogo inayozungumza na kifaa, iliyomo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Katika toleo la 7 la mwaka 1979, kiendeshi cha diski za aina ya RP kilibeba orodha ya patisheni 8, baadhi zikipandiana kwa makusudi ili msimamizi achague zipi azitumie na zipi azisahau, na aliyetaka mipaka tofauti alilazimika kuhariri msimbo huo na kuitafsiri upya kerneli nzima kwa lugha ya mashine. Diski iliyohamishiwa kwenye kompyuta nyingine haikubeba habari yoyote ya mipaka yake. Ilikuwa shamba lisilo na bikoni, ambalo ramani yake ilibaki kichwani mwa mpima ardhi aliyeachwa nyuma. Tawi la BSD, lililoendelezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilipunguza adha hiyo kwa hatua mbili: kwanza, mwaka 1983, vipimo vya diski zinazojulikana vilikusanywa katika faili la maandishi liitwalo disktab, na kisha, mwaka 1988, amri ya disklabel iliwezesha mipaka kuandikwa kwenye diski yenyewe. Patisheni za BSD zilitajwa kwa herufi, a ikiwa ya mzizi wa mfumo, b ikiwa ya kubadilishana kumbukumbu, na c ikiwa diski nzima, utaratibu ambao ungali hai katika mifumo ya ukoo huo.

Hata hivyo hati iliyokuja kutawala dunia haikutoka Berkeley. Ilitoka kwenye meza za ofisi. Mwaka 1980 kampuni iliyokuja kujulikana kama Seagate ilitoa ST-506, diski ya megabaiti 5 iliyoweza kuingia katika nafasi ya kisomeo cha flopi. Mwaka uliofuata IBM ilitoa kompyuta yake binafsi bila diski ya namna hiyo. Na tarehe 8 Machi 1983 ilitoa kompyuta ya PC XT, iliyokuwa na diski ya megabaiti 10 pamoja na mfumo endeshi wa PC DOS 2.0, na ndani ya mfumo huo programu iliyoitwa FDISK. Herufi ya kwanza ya jina hilo ilimaanisha diski isiyotolewa, kwa kuwa IBM ilipenda kuitofautisha na flopi iliyoingizwa na kuchomolewa. Huenda msomaji wa leo akashangaa ni kwa nini megabaiti 10, ambazo hazitoshi picha tatu nne za simu, zilihitaji kugawanywa. Jibu ni kwamba IBM ilikuwa ikiiuza kompyuta yake pamoja na mifumo endeshi iliyoshindana, ikiwemo CP/M-86 na UCSD p-System, na hakuna hata mmoja kati yake uliojua kuisoma diski iliyopangwa na mwingine. Patisheni haikubuniwa ili kupanga nyaraka. Ilibuniwa kama mkataba wa amani baina ya majirani wasioelewana lugha.

Mkataba huo uliandikwa katika sekta ya kwanza ya diski. Sekta ni kipande kidogo kabisa cha diski kinachosomwa kwa mara moja, nacho kwa desturi kilikuwa na baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 za mwanzo zilitengewa programu fupi ambayo kompyuta huipakia kumbukumbuni na kuitekeleza inapowashwa. Baiti 64 zilizofuata zilikuwa jedwali la patisheni. Na mbili za mwisho zilikuwa muhuri, ambao kwa hesabu ya mfumo wa 16 huandikwa 55 na AA, na bila muhuri huo sekta haikutambuliwa kuwa halali. Jedwali lenyewe lilikuwa na nafasi 4 za baiti 16 kila moja. Baiti ya kwanza ya kila nafasi ilisema kama patisheni hiyo ndiyo ya kuanzia kompyuta, tatu zilitaja mwanzo wake kwa silinda, kichwa na sekta, moja ilitaja aina yake, tatu zilitaja mwisho wake, nne zilitaja tena mwanzo kwa kuhesabu sekta kutoka sifuri, na nne za mwisho zilitaja idadi ya sekta zake. Kwa hiyo habari ileile iliandikwa mara mbili kwa vipimo viwili tofauti, jambo lililoonekana kuwa tahadhari njema hadi siku vipimo hivyo vilipopingana, mfumo mmoja ukaamini kimoja na mwingine ukaamini kingine.

Kwa kompyuta ya megabaiti 10, nafasi 4 hazikuwa uchoyo. Upungufu wa hati hiyo ulikuwa mahali pengine, katika ile baiti moja ya aina, ambayo haikuwa na msajili. Kila kampuni ilijichagulia nambari iliyoiona kuwa wazi, na orodha zilizotumiwa na waandaaji wa programu zilikusanywa na watu wa kujitolea, akiwemo Andries Brouwer wa Uholanzi, ambaye pia aliitunza programu ya fdisk ya Linux kwa miaka mingi. Matokeo yalikuwa kama ya viwanja viwili vilivyopewa nambari moja: Linux iliitumia nambari 82 kwa patisheni ya kubadilishana kumbukumbu, na Solaris ya kompyuta za Intel ilikuwa ikiitumia nambari hiyo hiyo kwa patisheni yake kuu, hivyo aliyeweka mifumo hiyo miwili katika diski moja na kuiacha Linux ijitafutie eneo la kubadilishana aliweza kuipoteza Solaris yake pasipo mtu yeyote kukosea amri.

DOS yenyewe ilirithi kutoka CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa mwaka 1974, desturi ya kuziita diski kwa herufi, na kwa kuwa A na B zilikwisha kuchukuliwa na flopi, diski ya ndani ilianzia C, mahali ilipobaki hadi leo katika kompyuta ambazo hazijawahi kuona flopi. Toleo la 3.0 la mwaka 1984 liliweza kutumia patisheni yenye sekta 65,536, yaani megabaiti 32 na si zaidi. Diski zilipoupita ukubwa huo, waandaaji wa DOS hawakuibadilisha hati bali waliitafutia mlango wa nyuma: katika toleo la 3.3 la mwaka 1987 nafasi moja kati ya 4 iliruhusiwa kuwa patisheni panuzi, ambayo si eneo la kuhifadhia data moja kwa moja bali ni eneo lenye jedwali lake dogo, linaloelekeza kwenye jedwali jingine, nalo kwenye jingine, kama mnyororo. Ndani ya mnyororo huo ndimo zilimozaliwa D, E na F. Udhaifu wake unaonekana bila kuelezwa sana, kwamba pete moja ikikatika zote zinazoifuata hupotea machoni mwa mfumo, ingawa data zake zipo salama pale pale zilipokuwa. Mazoea ya mafundi wengi, wa Dar es Salaam na Nairobi kama wa kwingineko, ya kuweka Windows katika C na nyaraka za mteja katika D ili C ikiharibika ifutwe bila hasara, yameegemea mlango huo wa nyuma kwa miaka mingi.

Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya vizingiti, na kizingiti cha kwanza kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyekiweka. Kiwango cha ATA, kilichounganisha diski na kompyuta, kiliruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255 kwa njia, jumla ya gigabaiti 137 hivi. BIOS, programu iliyochomwa kwenye chipu ili kuiamsha kompyuta, iliruhusu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63, jumla ya gigabaiti 8.4. Kila upande peke yake ulikuwa mkarimu kwa wakati wake. Lakini diski ilipaswa kuzitii pande zote mbili, na kwa kila kipimo kidogo ndicho kilichotawala, yaani silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, ambazo huzaa baiti 528,482,304 tu. Suluhisho lilikuwa uongo uliokubaliwa: BIOS iliwaambia watumiaji wake kwamba diski ina vichwa vingi zaidi na silinda chache zaidi ya zilizopo, kisha ikafanya hesabu ya kurudisha ukweli kabla ya kuigusa diski. Tangu hapo silinda na vichwa vilivyotajwa na amri za kugawa diski havikuwa na uhusiano wowote na mabamba yaliyomo ndani, na bado wahandisi waliendelea kulinganisha mipaka ya patisheni na silinda hizo za kubuni, wakianzisha ya kwanza katika sekta ya 63, kama wazee wanaoendelea kupima shamba kwa hatua za marehemu babu yao.

Vizingiti vingine vinaweza kupitiwa haraka. Programu ya LILO, iliyoiamsha Linux tangu 1992, haikuweza kufika ng'ambo ya silinda ya 1,024, na hiyo ndiyo asili ya patisheni ndogo ya boot mwanzoni mwa diski, ambayo wengi waliendelea kuiunda bila kujua sababu yake. FDISK ya Windows 98 ilikosea hesabu ya diski zilizozidi gigabaiti 64, ikaonyesha kile kilichozidi tu kana kwamba ndicho ukubwa wote, na Microsoft ikalazimika kutoa toleo lililosahihishwa.

Sekta ya kwanza iliwavutia pia watu wasio na nia ya kuipanga diski. Kwa kuwa zile baiti 446 hutekelezwa kabla ya mfumo endeshi kuamka, programu itakayojiweka hapo hutawala kompyuta kabla ya mlinzi yeyote kufika, na virusi vya Stoned, vilivyoonekana kwanza New Zealand mnamo 1987, vilifanya hivyo hasa: viliihamisha sekta halali mahali pengine na kukalia kiti chake. Uzao wake, Michelangelo, ulitia hofu duniani kote ilipokaribia tarehe 6 Machi 1992, siku uliyopangiwa kuharibu data. Dawa iliyopendwa na mafundi ilikuwa amri FDISK /MBR, iliyoandika upya ile programu fupi bila kuligusa jedwali. Virusi vingine vya ukoo huo, vilivyoitwa Monkey, viligeuza dawa hiyo kuwa sumu, kwa kuwa vililificha jedwali kwa usimbaji na kulifichua vyenyewe wakati vikiwa kumbukumbuni. Fundi aliyevifuta kwa amri hiyo alivifuta pamoja na njia pekee ya kuzifikia patisheni za mteja wake.

Kuingia kwa Linux ndiko kulikogeuza kazi hii kutoka menyu ya tarakimu, kama ile ya FDISK ya DOS iliyomtaka mtumiaji achague 1, 2, 3 au 4, na kuifanya kuwa lugha. Mwaka 1992 fdisk ya Linux iliandikwa katika Kituo cha Kompyuta cha Manchester, Uingereza, na Owen Le Blanc, ambaye mwaka huo huo alitoa mkusanyiko wa MCC Interim, mmoja wa mikusanyiko ya kwanza kabisa ya Linux iliyoweza kuwekwa na mtu asiye mtaalamu wa kerneli. Amri zake ni herufi moja moja: p huonyesha jedwali, n huunda patisheni, d huifuta, t hubadilisha aina. Lakini herufi zenye historia ni mbili za mwisho, w na q. Mabadiliko yote yaliyotajwa hukaa kumbukumbuni tu, hata diski nzima ikifutwa na kupangwa upya mara kumi, na hakuna kinachoandikwa mpaka mtumiaji aandike w. Akiandika q, programu hujifunga na diski hubaki kama ilivyokuwa. Hapo kuna tofauti ya kimadhehebu kati ya vyombo vya kazi hii, kwani parted, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Andrew Clausen na Lennert Buytenhek, hutekeleza kila agizo palepale linapotolewa, na aliyezoea fdisk akaiendea parted kwa mazoea yale yale hugundua kwamba hakuna mlango wa kutokea. Diskpart ya Windows, iliyochukua nafasi ya FDISK katika Windows XP ya mwaka 2001, ni ya madhehebu hayo ya pili, na neno lake clean huifuta hati ya diski iliyochaguliwa bila kuuliza swali. Busara iko upande wa fdisk, kwa kuwa katika kazi ambayo kosa lake halitenguliwi, chombo chema ni kile kinachomlazimisha mtu aseme mara mbili.

Hatari inazidishwa na kanuni ya Unix kwamba kila kifaa ni faili. Diski ya kwanza ya aina ya ATA iliitwa hda na patisheni yake ya kwanza hda1. Zile za SCSI ziliitwa sda na kuendelea. Na kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kerneli ya Linux iliziingiza diski za aina zote mbili katika jina la sd. Faili la kifaa huandikwa kama faili lingine lolote, na Linus Torvalds mwenyewe, kama alivyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliionja kanuni hiyo mwishoni mwa 1991: alikusudia kuielekeza amri ya kupiga simu kwenye modemu ili aunganishwe na kompyuta ya chuo kikuu cha Helsinki, akataja kwa bahati mbaya patisheni iliyobeba Minix, mfumo aliokuwa akiutumia kuendeleza Linux, na mwanzo wa patisheni hiyo ukafunikwa na maagizo ya simu. Alipopima kati ya kuiweka Minix upya na kuifanya Linux iweze kujitegemea, alichagua la pili. Majina hayo, zaidi ya hayo, hayatulii, kwani diski iliyoitwa sda jana inaweza kuitwa sdb leo kwa sababu tu kifaa kingine kimechomekwa. Ndiyo maana mifumo ya baadaye huitambua patisheni kwa kitambulisho kirefu kilichoandikwa ndani yake badala ya mahali ilipochomekwa.

Kwa upande mwingine, kwa kuwa mpaka ni maandishi, unaweza kunakiliwa, kuhifadhiwa na kurudishwa kama maandishi. Programu ya sfdisk, aliyoiandika Brouwer huyo huyo, hutoa jedwali lote katika faili la kawaida lenye mistari michache, na faili hilo likirudishwa ndani ya sfdisk huijenga upya mipaka ileile katika diski nyingine, hivyo maabara ya kompyuta 40 hugawanywa kwa mpangilio mmoja na mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo jedwali lililofutwa si lazima liwe msiba. TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, huipitia diski sekta kwa sekta ikitafuta alama ambazo kila mfumo wa mafaili huziacha mwanzoni mwa eneo lake, kama mzee wa mtaa anayerudisha mpaka uliopotea kwa kuangalia minazi ilipopandwa, kisha huandika hati mpya inayolingana na minazi hiyo. Hufaulu mradi hakuna aliyekwisha kujenga juu ya eneo lenyewe.

Kizingiti kikubwa kilikuwa kimefichwa katika zile baiti 4 za idadi ya sekta. Baiti 4 ni biti 32, na biti 32 zikizidishwa kwa sekta za baiti 512 hufika terabaiti 2.2 na kukoma. Hati mpya ilikuwa imeandaliwa mapema, lakini kwa ajili ya mashine ambazo wengi hawakuziona: Intel, ikishirikiana na Hewlett-Packard katika kuandaa chipu za Itanium, ilibuni mwishoni mwa miaka ya 1990 utaratibu mpya wa kuiamsha kompyuta ulioitwa EFI, na ndani yake jedwali la GPT. Jedwali hilo kwa kawaida lina nafasi 128 za baiti 128 kila moja, huhesabu sekta kwa biti 64, huipa kila patisheni kitambulisho cha biti 128 kinachoondoa ugomvi wa nambari 82, na huruhusu jina la hadi herufi 36 la kuandikwa na mwenye diski kwa lugha yoyote. Zaidi ya yote, nakala ya pili ya hati huwekwa mwisho wa diski, na kila nakala ina hesabu ya uhakiki inayofichua kama imeguswa. Apple iliitumia tangu ilipohamia chipu za Intel mwaka 2006, na diski za terabaiti 3 zilizoingia sokoni mwaka 2010 ziliwafanya wengine wafuate. Kipindi hicho hicho sekta zenyewe zilikua hadi baiti 4,096, na desturi ya kuanzia sekta ya 63 ikafichuka kuwa hasara, kwa sababu 63 haigawanyiki kwa 8 na kila eneo la data liliishia kukanyaga sekta mbili mpya badala ya moja. Kwa hiyo mwanzo ulihamishiwa sekta ya 2,048, kama Windows Vista ilivyokwisha kufanya tangu 2007.

Si wote walioipokea hati mpya kwa heshima. Ili kompyuta yenye BIOS ya kale iweze kuanzia kwenye diski ya GPT, watengenezaji wa GRUB, programu nyingine ya kuiamsha Linux, walibuni patisheni ndogo ya pekee, na baiti za kitambulisho chake zikisomwa kama herufi hutoa, kwa Kiingereza, kicheko na tamko kwamba mwenyewe hahitaji EFI. Fdisk ya Linux nayo ilikaa nje ya mabadiliko hayo hadi mwaka 2013, ikimwonya mtumiaji kila ilipoikuta diski ya GPT kwamba haiijui, na katika pengo hilo Rod Smith aliandika gdisk, inayotumia herufi zile zile za fdisk, w na q zikiwemo.

Hati ya zamani, hata hivyo, haikuondolewa. Diski ya terabaiti 4 iliyogawanywa kwa GPT bado huanza na sekta iliyopangwa kama ile ya PC XT: nafasi ya kwanza kati ya 4 hubeba aina EE na kudai kwamba diski yote, au kiasi chote ambacho biti 32 zinaweza kukitaja, imekwisha kuchukuliwa, ili chombo cha kale kikiamshwa kisidhani kwamba shamba ni tupu; nafasi 3 zilizobaki hujazwa sifuri, na baada yake hufuata baiti mbili za muhuri, 55 na AA.